Mimba Kwenye Mteremko

Mvua ya usiku ikikatika Butembo, mashariki mwa Kongo, vichochoro vinavyopanda kuelekea mitaa ya Furu na Katwa huwa kama vimepakwa sabuni. Motari hushusha miguu yote miwili na kuikokota pikipiki taratibu, wanafunzi hushika viatu mkononi, na wanawake waendao sokoni hukanyaga pembeni, penye majani, vikapu vikiwa mgongoni na ukanda ukiwa umepita kwenye paji la uso. Vikapuni mna viazi, mihogo, ndizi, pengine mkaa. Kati ya wanawake hao hakosekani mwenye mimba ya miezi saba au minane. Mji umemzoea, haumshangai. Naye hajishangai, maana mama yake alipanda kilima hichohicho akiwa na mimba yake.

Anayemtazama kwa makini ataona kazi inayofanyika katika kila hatua. Nyayo zimeachana kuliko zamani, hatua zimefupika, kiuno kimeingia ndani, mabega yamerudi nyuma. Tumbo linamtaka ajipinde nyuma, kikapu kinamtaka ainame. Katikati ya mabishano hayo ipo mifupa mitano ya kiuno na misuli inayoishikilia, nayo haipumziki mpaka kikapu kitue chini.

Mwanamke mwenye uzito wa kawaida anayekula vizuri anatarajiwa kuongezeka kati ya kilo 11.5 na 16 mpaka siku za kujifungua. Mtoto mwenyewe huchukua kilo tatu na ushee tu. Kondo la nyuma lina kama nusu kilo, maji ya uzazi hayafiki lita moja, damu ya mama huongezeka kwa asilimia 40 hadi 50, na mji wa mimba, ambao kabla ya hapo una uzito wa gramu 70 hivi, hufikia kilo nzima. Matiti nayo hukua, na mafuta hujiwekea akiba ya kunyonyesha. Sehemu kubwa ya uzito huo inakaa mbele, kifuani na tumboni, mbali na uti wa mgongo. Kama mwili usingefanya lolote, mama angekuwa anaangukia mbele kila anaposimama.

Mwili una jibu lake, na jibu hilo ni la kale sana. Mwaka 2007 watafiti Katherine Whitcome, Liza Shapiro na Daniel Lieberman walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya kuwapima wajawazito 19. Waliona kwamba kadiri mtoto anavyokua, mama huongeza mpindo wa kiuno na kujirudisha nyuma, na mwisho wa mimba mpindo huo unaweza kuzidi wa mwanzo kwa asilimia 60. Kwa kufanya hivyo uzito wote unabaki juu ya nyonga, mahali pake. Waliona pia kwamba kwa mwanamke mpindo huo umegawanywa kwenye pingili tatu za kiuno, wakati kwa mwanamume uko kwenye mbili. Tofauti hiyohiyo ilionekana kwenye masalia ya viumbe wa jamii ya Australopithecus waliokufa Afrika Kusini zaidi ya miaka milioni mbili iliyopita. Wanaomtania mjamzito kwamba anatembea kwa maringo, kifua mbele na mkono kiunoni, wafahamu kuwa wanatania uhandisi ulioanza kabla ya binadamu wa leo kuwako.

Uhandisi huo hauji bure. Misuli ya mgongo hufanya kazi ya ziada mchana kutwa, huku misuli ya tumbo, iliyokuwa ikisaidiana nayo, ikiwa imenyooshwa hadi kupoteza nguvu. Homoni nazo zinalegeza viungo. Mojawapo, rilaksini, iligunduliwa na Mmarekani Frederick Hisaw mwaka 1926. Kiungo cha mbele cha nyonga, kwenye kinena, ambacho kwa kawaida kina nafasi ya milimita nne au tano, huongezeka milimita mbili au tatu hivi ili kumpa mtoto njia. Kwa wanawake wengi mabadiliko hayo hupita bila kelele. Kwa wengine, yapata mmoja kati ya watano, huja maumivu ya nyonga yanayochoma hasa wakati wa kusimama kwa mguu mmoja: kuvaa sketi, kupanda pikipiki, kuvuka mfereji, kujigeuza kitandani. Maumivu ya kiuno ni ya kawaida zaidi hata ya hayo. Na mtu mwenye maumivu hukanyaga kwa kusitasita, na anayesitasita kwenye mteremko wenye utelezi yuko hatarini zaidi.

Jambo lisilofahamika na wengi linahusu macho. Mwaka 2006 Erin Butler na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, waliwasimamisha wanawake juu ya kifaa kinachopima jinsi mwili unavyoyumba mtu akiwa amesimama tu. Wajawazito waliyumba zaidi kuanzia miezi ya kati ya mimba, na walipofumba macho hali ilizidi kuwa mbaya. Maana yake ni kwamba mimba inapokua, mama hutegemea zaidi kuona ili asimame imara, kwa sababu taarifa zinazotoka kwenye nyayo na viungo hazimtoshi tena. Aidha, tumbo lenyewe linamzuia kuona anapokanyaga.

Sasa uchukue utafiti huo uulete Butembo, mji mkubwa wa biashara ulioishi miaka mingi bila umeme wa shirika la taifa la SNEL, ukitegemea jenereta na paneli za jua. Hapa karibu kabisa na ikweta jua linazama mnamo saa kumi na mbili mwaka mzima, na giza halibembelezi. Choo kiko nje, nyuma ya nyumba, na mjamzito huamka kukojoa mara mbili au tatu kwa usiku kwa kuwa mtoto amekalia kibofu. Anashuka ngazi za udongo, kandambili miguuni, macho hayaoni kitu. Tochi ndogo ya kuchaji iliyowekwa kando ya mto ni kifaa cha uzazi salama sawa na neti ya mbu, na inastahili kutajwa katika orodha ya vitu anavyoambiwa mama ajiandalie, pamoja na wembe, vitambaa na beseni.

Kuanguka wakati wa mimba si jambo la nadra. Huko Cincinnati, Marekani, Kari Dunning na wenzake waliwauliza karibu wanawake 4,000 waliokuwa wamejifungua, na matokeo yalichapishwa mwaka 2010: asilimia 27 walikuwa wameanguka angalau mara moja wakiwa wajawazito. Kiwango hicho kinakaribia cha wazee. Wengi walianguka ndani ya nyumba, na ngazi zilikuwa mahali pabaya kuliko pengine pote. Walipoeleza kilichotokea, sababu zilizojirudia zilikuwa sakafu yenye utelezi, kuwa na haraka, na kubeba kitu mikononi. Hao ni wanawake wa mji wenye taa za barabarani, sakafu za saruji na ngazi zenye vishikio. Utelezi, haraka na mzigo ndiyo asubuhi ya kawaida ya mama wa Butembo anayewahi sokoni kabla bei hazijashuka.

Mara nyingi mtoto haumii, maana maji ya uzazi na misuli ya mji wa mimba humkinga vizuri. Hatari kubwa ni pigo la tumbo linaloweza kubandua kondo la nyuma kabla ya wakati, na hilo linaweza kuanza taratibu, mama akidhani amepona. Baada ya kuanguka, damu ikitoka ukeni hata kidogo, maji yakivuja, tumbo likiwa gumu na kuuma, au mtoto akipunguza kucheza, safari ya hospitali ni ya saa hiyohiyo: Kitatumba, Matanda au Katwa kwa walio Butembo, Hospitali Kuu kwa walio Beni, mji jirani. Na ikiwa mimba imevuka miezi mitano na tumbo ndilo lililogonga chini, aende hata kama hana dalili yoyote.

Juu ya mzigo wenyewe kuna elimu ya kuvutia iliyopatikana jirani tu, Kenya. Mwaka 1986 Geoffrey Maloiy wa Nairobi na wenzake walipima hewa wanayotumia wanawake wa Kijaluo wanaobeba kichwani na wanawake wa Kikuyu wanaobeba mgongoni kwa ukanda wa kichwani, jinsi ileile wanavyobeba wanawake wa Kinande, wenyeji wa Butembo na Beni. Waligundua kwamba wanawake hao walibeba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wao bila kutumia nguvu zaidi ya mtu anayetembea mikono mitupu. Askari waliobeba shehena mgongoni hawakuweza hivyo. Mwaka 1995 Norman Heglund na wenzake wakaeleza siri ilipo: katika kila hatua mwili wa mtu hupanda na kushuka kidogo, na wanawake hao hupoteza nguvu chache zaidi katika kupanda na kushuka huko wanapokuwa na mzigo. Tafiti za baadaye, zikiwemo za Afrika Kusini, zilionyesha kuwa si kila mbebaji ana kipaji hicho na kwamba maumivu ya shingo na mgongo huwaandama wengi. Hata hivyo heshima inabaki. Kile ambacho wageni walikiona kuwa ni unyonge wa mwanamke wa Kiafrika ni ufundi unaofundishwa tangu utotoni, kwa kikapu kidogo kinachokua pamoja na mtoto.

Lakini hesabu ya Nairobi ifuatwe hadi mwisho wake. Kwa mwanamke wa kilo 60, asilimia 20 ni kilo 12. Mimba peke yake, ikienda vizuri, inampa kilo hizo, tena mbele, mahali pasipo na ukanda wala kikapu. Yaani kabla hajaweka hata kiazi kimoja mgongoni, nafasi ya kubeba bila gharama imekwisha jaa. Bidoni moja ya maji ya lita 20 ni kilo 20 juu ya hapo. Kikapu cha viazi kutoka shambani kinaweza kuzidi hizo kwa mbali. Na vipimo vile vilifanywa penye usawa, si kwenye njia ya kupanda kutoka mtoni. Anayesema "wanawake wetu wamezoea" anasema kweli kuhusu ufundi wao, na anakosea kuhusu misuli na mishipa yao.

Kutoka Butembo barabara ya taifa namba 2 inakwenda kaskazini, inateremka Kabasha na kufika Beni baada ya kilomita 54. Beni imelala chini zaidi, joto limeongezeka, na siku zenye anga safi milima ya Ruwenzori inaonekana upande wa mashariki. Huko vilima si vikali kama vya Butembo. Matatizo ya mjamzito yanakuja kwa mlango mwingine.

Tangu Oktoba 2014 mauaji yanayohusishwa na kundi la waasi la ADF yamezifukuza familia nyingi kutoka vijijini na mashambani kote kuzunguka Beni, Oicha na bonde la Semuliki. Mama aliyekuwa na shamba la kakao au mihogo karibu na nyumba sasa analifikia kwa mwendo mrefu, anavuna upesi, anajaza kikapu kupita kiasi kwa sababu hajui kama kesho njia itapitika, kisha anarudi mbiombio kabla ya jioni. Wakati mwingine hukimbia usiku kabisa, godoro kichwani, mtoto mkubwa mkononi, mimba mbele. Hakuna mafunzo ya mkao yanayoweza kumsaidia saa hiyo. Yanayoweza kumsaidia ni baadaye, atakapofika kwa jamaa au kwenye familia ya kumpokea: kuulizwa kiuno kinaumaje, kupumzishwa kazi ya kuchota maji kwa siku chache, kupewa mahali pa kulala kwa ubavu, hasa wa kushoto, ili tumbo lisiukandamize mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni.

Mzunguko wa damu unahusika na kizunguzungu pia. Katika miezi ya kati ya mimba shinikizo la damu hushuka, na anayenyanyuka ghafla kutoka kwenye kigoda cha jikoni huona giza. Malaria, iliyo kali katika joto la Beni kuliko vilimani, humaliza damu na kufanya giza hilo liwe zito zaidi. Uzito wa malaria mahali hapa ulijitokeza wazi wakati wa Ebola, ule mlipuko uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kutangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, baada ya kuua zaidi ya watu 2,200. Novemba 2018, katikati ya janga hilo, ilibidi kampeni ya kugawa dawa za malaria nyumba kwa nyumba ifanyike Beni ikilenga watu 450,000, kwa sababu wagonjwa wa homa ya malaria walikuwa wakijazana mahali pamoja na walioshukiwa kuwa na Ebola. Vidonge vya madini ya chuma vinavyotolewa siku ya CPN (kliniki ya wajawazito), sombe, lengalenga, maharage na ndakala kwenye sahani, pamoja na kulala ndani ya neti, vina kazi moja ambayo ni nadra kutajwa: vinamfanya mama asianguke.

Halafu kuna pikipiki. Teksi za gari ni chache na vilima ni vingi, kwa hiyo mjamzito huipanda hadi mwezi wa tisa, mara nyingi hadi saa ya uchungu yenyewe. Kukaa upande, miguu yote miwili kushoto, kunaonekana kuwa na adabu, lakini kunaweka uzito wote nje ya mstari wa pikipiki na kumlazimu mama ajisokote kiuno akimshika motari. Kukaa kwa kupanua miguu, kikwembe kikiwa juu ya suruali au sketi pana, miguu ikiwa imekanyaga vizuri pahala pake, kunampa uimara zaidi. Motari wengi wa Butembo na Beni ni vijana wapole kwa mama mwenye mimba pale wanapoambiwa. Motari aambiwe: pole pole, epuka mashimo, usimchanganye na abiria mwingine wala gunia. Nauli ya watu wawili alipe mmoja ikibidi. Familia inayoshindwa kuipata fedha hiyo siku za kawaida yafaa iiweke kando mapema, kidogo kidogo, tangu mimba inapojulikana.

Siku ya CPN, mabenchi ya sentre ya afya hujaa tangu asubuhi. Mkunga hupima uzito, shinikizo, urefu wa tumbo, hutoa dawa za kukinga malaria, hujaza kadi. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2016 kwamba mama aonane na mhudumu mara nane katika mimba moja, na katika mapendekezo hayohayo likataja mazoezi ya mara kwa mara kama njia ya kuzuia na kupunguza maumivu ya kiuno na nyonga. Mtaalamu wa kine, yaani wa tiba ya viungo, haonekani katika kila sentre, na hatapatikana kesho. Lakini mkunga aliye mbele ya mabenchi hayo anahitaji dakika tano, kigoda kimoja na kikwembe kimoja kuonyesha yanayotosha. Wanawake waliokaa pale wakisubiri wangesimama pamoja, waegemeze migongo ukutani, wajaribu kuubana mgongo wa chini uguse ukuta kisha waulegeze, mara kumi. Wangecheka, wangeulizana maswali, na wangerudi nyumbani na kitu cha kufanya.

Mengi ya kufanya yako katika kazi ya kila siku. Kufagia kwa ufagio mfupi, kufua ndoo ikiwa chini, kupalilia kwa jembe la mpini mfupi, vyote vinamkunja mama kiunoni huku tumbo likimvuta. Ufagio ukifungwa kwenye fimbo ndefu, beseni likiwekwa juu ya meza au tofali kadhaa, na maharage yakipaliliwa kwa kupiga goti moja, kiuno hupata nafuu siku hiyohiyo. Kuokota kitu chini kufanywe kwa kukunja magoti, mkono mmoja ukishika meza au mlango. Kutoka kitandani: kugeuka ubavu kwanza, kushusha miguu, kujisukuma kwa mikono, kukaa kidogo ili damu ifike kichwani, ndipo kusimama. Bidoni ya lita 20 igawanywe kuwa mbili za lita 10 au chini ya hapo. Safari mbili zenye mzigo mwepesi humchosha mtu miguu, lakini ile moja nzito ndiyo inayomwangusha.

Kisha mtoto anazaliwa, na watu hudhani hadithi ya mkao imekwisha. Ndani ya saa chache mama amepungukiwa kilo zipatazo tano: mtoto, kondo, maji, damu. Kiini cha uzito wake kinarudi nyuma ghafla, ila misuli na viungo bado viko kwenye hesabu ya jana. Ndiyo sababu kina mama wengi waliojifungua hujihisi wepesi na dhaifu kwa pamoja, wakisimama kwa kujipinda nyuma kana kwamba tumbo bado lipo. Wanawake wale waliopimwa Stanford walikuwa wangali wanayumba kuliko wenzao wasio na mimba wiki sita hadi nane baada ya kujifungua.

Misuli ya mbele ya tumbo ndiyo inayochelewa zaidi. Inapotanuka katika mimba, ile mikanda miwili inayoshuka kutoka mbavuni hadi kwenye kinena hutengana katikati. Nchini Norway, utafiti wa mwaka 2016 uliowafuata wanawake 300 waliokuwa na mimba ya kwanza uliona mwachano huo kwa asilimia 60 yao wiki sita baada ya kujifungua, na kwa mmoja kati ya watatu hata baada ya miezi 12. Mama anaweza kujipima mwenyewe: alale chali, magoti yamekunjwa, anyanyue kichwa kidogo na kupitisha vidole juu na chini ya kitovu. Vidole viwili au zaidi vikizama kati ya misuli, tumbo halijafunga. Huyo si wakati wa kurudi kwenye gunia la mkaa. Ni wakati wa kupumua kwa kuvuta kitovu ndani polepole, kutembea kidogo kidogo kila siku, na kuachana na kuinuka kitandani moja kwa moja kwa kichwa.

Wazee walijua kitu hapa. Huko pwani ya Kenya na Tanzania mzazi hufungwa tumbo kwa mkaja na kukaa ndani siku arobaini akikandwa na kulishwa uji, na mahari huwa na fungu la mama wa bibi arusi kwa jina hilohilo la mkaja. Upande wa Kivu pia kina mama wengi hujifunga kikwembe kiunoni baada ya kuzaa. Kitambaa kinasaidia mgongo na kumpa mama kujihisi ameshikiliwa, mradi kifungwe kwa kubana nyonga na tumbo la chini kiasi cha kuweza kupumua vizuri. Kikikazwa sana juu ya kitovu, shinikizo lote husukumwa chini, mahali palipochoka kuliko pote. Na sehemu muhimu zaidi ya desturi ile ya arobaini, kwa maoni ya mwandishi huyu, haikuwa kitambaa. Ilikuwa ni kwamba mtu mwingine alibeba maji.

Mapumziko hayo ndiyo yanayokosekana. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa 2013–2014 ulikadiria kwamba mwanamke wa Kongo alikuwa akizaa kwa wastani watoto 6.6 katika maisha yake. Mimba ikifuatana na mimba, na jembe likifuata baada ya wiki mbili tatu, misuli ya chini ya nyonga haipati nafasi ya kurudi. Mkojo unaponyoka mama akikohoa au akinyanyua kikapu. Anahisi kitu kizito kikishuka ukeni. Nchini Gambia, utafiti uliochapishwa mwaka 2002 uliwakuta asilimia 46 ya wanawake wa vijijini waliopimwa wakiwa na kiwango fulani cha kushuka kwa kizazi. Wengi huona haya, wakadhani ndiyo malipo ya uzazi. Misuli hiyo inaweza kuzoezwa: kuibana kama mtu anayezuia mkojo na haja kwa pamoja, kuhesabu hadi tano, kulegeza, kurudia mara kumi, mara tatu kwa siku, mama akiwa anamenya viazi au ananyonyesha. Na kuibana kabla ya kunyanyua chochote. Mkojo unaotiririka mfululizo mchana na usiku ni jambo jingine, huenda ni fistula, nayo hutibiwa kwa upasuaji. Hospitali ya HEAL Africa mjini Goma na ile ya Panzi, Bukavu, iliyoanzishwa mwaka 1999 na Daktari Denis Mukwege, zimewatibu wanawake wengi wa aina hiyo.

Mtoto naye huhama kutoka mbele kwenda mgongoni. Kumbeba kwa kikwembe ni salama kwa nyonga zake: miguu iliyotanuliwa kiunoni mwa mama inakiweka kiungo cha paja mahali pake, na madaktari wa mifupa waliofanya kazi Malawi wameihusisha desturi hiyo na uhaba mkubwa wa watoto wenye nyonga zilizoteguka. Kwa mama, mahali pa mtoto ni muhimu. Akifungwa juu, kifua chake kikigusa mgongo wa mama, uzito unakaa karibu na uti. Akining'inia chini kwenye makalio, mama hulazimika kuinama mbele siku nzima, na kiuno kilichojipinda nyuma kwa miezi tisa sasa kinapindwa upande mwingine.

Sheria ya kazi ya Kongo ya mwaka 2002 inampa mwajiriwa wiki 14 za likizo ya uzazi, hadi nane kati yake zikiwa baada ya kujifungua. Muuza mboga wa Butembo na mkulima wa Beni hawana mwajiri wa kuwapa. Likizo yao inatoka kwa mume, mama mkwe, wifi, watoto wakubwa na majirani wa kanisani. Mwanamume anayekwenda kuchota maji mwenyewe kwa miezi miwili hupunguza maumivu ya mgongo kuliko dawa yoyote iliyo katika duka la dawa, na yafaa mapadri na wachungaji, ambao maneno yao yana uzito mkubwa katika miji hii miwili, wayaseme hayo madhabahuni bila kuona aibu.

Liko badiliko moja ambalo halirudi, nalo liko miguuni. Mwaka 2013 Neil Segal na wenzake wa Chuo Kikuu cha Iowa walichapisha vipimo vya nyayo za wanawake 49, vilivyochukuliwa mwanzoni mwa mimba na tena miezi mitano hivi baada ya kujifungua. Kwa wengi, nyayo zilikuwa zimelala na kurefuka kati ya milimita mbili na 10, na mimba ya kwanza ndiyo iliyobadilisha zaidi. Kwa hiyo mama aliyekuwa akivaa viatu namba 38 anaweza kuhitaji 39 maisha yake yote. Kwenye rundo la viatu vya mitumba, mguu upimwe jioni, wakati umevimba kidogo, na kichaguliwe kiatu chenye ukanda nyuma ya kisigino na soli yenye meno ya kushika udongo, kwa sababu kandambili zilizolika ndizo za kwanza kumsaliti mtu pale Furu mvua inapoanza tena mwezi wa tisa.